Vifaa vya Matembezi ya Afya: Kipi Kinafaa, Kipi ni Mzigo?

Alfajiri jijini Mwanza, kabla daladala hazijajaa barabarani, watu wa rika mbalimbali huonekana wakitembea kwa mwendo wa haraka. Wengine hufuata njia ya kandokando ya ziwa kuelekea Capri Point. Wengine hupanda kilima cha Bugando, wakipita baina ya majabali makubwa yaliyolipa jiji hilo sura yake. Miguuni mwao mna kila aina ya kiatu: raba nene za michezo, viatu vya mtumba, katambuga zilizochongwa kutokana na matairi, na hata kandambili. Wote wana nia moja, nayo ni kuulinda mwili kwa matembezi.

Nia hiyo ina msingi wa kisayansi. Katika mwongozo wake wa mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba mtu mzima aushughulishe mwili kwa nguvu ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila juma, na kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wafikishe wastani wa dakika 60 kila siku. Kutembea kwa haraka ni shughuli ya nguvu ya kadiri, na husaidia kupunguza hatari ya shinikizo la damu, kisukari cha ukubwani na maradhi ya moyo. Lakini wapo wanaoacha matembezi baada ya siku chache kwa sababu ya malengelenge, na wapo wasioanza kabisa kwa kudhani kwamba pasipo viatu vya bei kubwa hapana mazoezi. Wote hao hupoteza faida kubwa kwa sababu ndogo. Hivyo yafaa kuuliza: katika vitu vyote vinavyouzwa kwa jina la mazoezi, kipi humwondolea mtembeaji kizuizi, na kipi humwongezea mzigo tu?

UZITO NA MAHALI UNAPOKAA

Mtu atembeapo, mwili wake hufanana na pendulamu iliyopinduliwa. Katika kila hatua kiwiliwili hupanda kidogo juu ya mguu ulio ardhini, kisha hushuka mbele. Nishati iliyowekwa katika kupanda hugeuka kuwa nishati ya mwendo, na sehemu yake hutumika tena katika hatua inayofuata. Kwa hiyo kiwiliwili husafiri kwa gharama ndogo. Nyayo zina hali nyingine. Kila unyayo husimama kabisa ardhini, hurushwa mbele, kisha husimama tena. Kitu chochote kilichofungwa mguuni hakina budi kuanzishwa mwendo na kusimamishwa maelfu ya mara.

Mwaka 1969 watafiti wawili wa Marekani, Soule na Goldman, walipima gharama ya kubeba mizigo sehemu mbalimbali za mwili. Waliona kwamba kilo moja iliyobebwa kichwani hugharimu nishati kidogo tu zaidi ya kilo moja ya uzito wa mwili wenyewe. Iliyobebwa mikononi hugharimu karibu mara 2, na iliyofungwa miguuni hugharimu mara 4 hadi 6.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha matokeo ya kushangaza zaidi kutoka Kenya. Maloiy na wenzake walipima pumzi za wanawake wa Kiluo na Kikikuyu waliozoea kubeba mizigo tangu utotoni. Wanawake hao waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kuongeza matumizi ya nishati. Utafiti uliofuata mwaka 1995 ulionyesha kwamba, wakiwa na mzigo, pendulamu ya mwendo wao hufanya kazi vizuri zaidi kuliko ya watu wasiozoea. Waluo ni miongoni mwa wakazi wa ufukwe wa ziwa hilihili, na baadhi yao wako mkoani Mara. Kwa hiyo ujuzi huo haukutoka mbali.

Fundisho lake ni wazi. Kiatu chepesi ni bora kuliko kizito, kama mambo mengine yako sawa. Chupa ya maji yafaa ikae mgongoni au kiunoni, si mkononi. Vifuko vya mchanga vifungwavyo vifundoni huongeza kazi, lakini huongeza pia mkazo katika magoti na nyonga. Anayetaka kazi zaidi ni heri aongeze mwendo au apande kilima.

VIATU: MGUU KWANZA, BEI BAADAYE

Je, kiatu ni cha lazima? Mwaka 2019 Holowka na wenzake walichapisha uchunguzi wa nyayo za watu wa magharibi mwa Kenya, baadhi yao wakiwa wamezoea kutembea pekupeku, na za watu wa Marekani. Ilionekana kwamba sugu nene za unyayo huulinda mguu bila kuupunguzia uwezo wa kuhisi ardhi. Maumbile, basi, yana kiatu chake. Hata hivyo sugu hazizuii msumari wala kipande cha chupa. Wala haifai kuzitegemea dhidi ya mabuu ya minyoo ya safura, ambayo huishi katika udongo wenye unyevu na huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya mguu. Katika mitaa ya mjini, soli ni kinga ya lazima.

Katika kuchagua, kipimo cha kwanza ni mguu wenyewe. Yafaa kiatu kijaribiwe alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyoendelea. Mnunuzi asimame wima, amevaa soksi atakazotumia, na mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Vidole viweze kutanuka, na kisigino kisichomoke atembeapo. Nafasi hiyo ya mbele ina maana kubwa Mwanza, kwani katika kuteremka mlima mguu huteleza ndani ya kiatu, na kucha zinazogonga ncha yake huvilia damu na kuwa nyeusi. Kamba zikazwe vizuri sehemu ya juu ya mguu kabla ya kuanza kuteremka.

Viatu vya mtumba, kama vile vinavyopatikana katika soko la Mlango Mmoja, havistahili kudharauliwa, ila vinahitaji uchunguzi. Kiatu kiwekwe juu ya meza na kutazamwa kwa nyuma: kikiwa kimeinama upande mmoja, kitaupinda mguu wa mvaaji mpya vilevile. Soli ibonyezwe kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au yenye nyufa, sponji yake imekwisha. Kisha kiatu kikunjwe: kinapaswa kujikunja pale vidole vinapoungana na mguu, si katikati.

Wauzaji wengine hudai kwamba kila umbo la unyayo lina aina yake ya kiatu. Tafiti tatu zilizofanywa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani, zikachapishwa karibu na mwaka 2010, zilionyesha kwamba kugawa viatu kwa kufuata umbo la unyayo hakukupunguza majeraha kwa kiasi cha maana. Kiatu kinachokaa vizuri bila kuumiza tangu siku ya kwanza ndicho cha kuchaguliwa.

MALENGELENGE SI JAMBO DOGO

Lengelenge hutokea ngozi ya juu inapovutwa huku na huku mara nyingi hadi itengane na ile ya chini, na nafasi hiyo ikajaa maji. Jasho la kadiri huongeza msuguano, na chembe za mchanga mkavu wa Mwanza, uliomeguka kutoka kwenye miamba ya matale, huongeza zaidi. Soksi safi isiyo na mshono mkubwa na isiyojikunja ni kifaa cha bei ndogo chenye faida kubwa.

Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili ni zito. Maradhi hayo yanaweza kuua hisi za miguu, hata mtu akatembea na changarawe ndani ya kiatu asijue. Kidonda kidogo kinaweza kuoza na kusababisha mguu kukatwa. Mtu wa namna hiyo asitembee pekupeku, akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na azikague nyayo zake kila siku, kwa msaada wa kioo au wa mtu wa nyumbani.

JUA, JASHO NA MAJI

Mwanza iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya meta 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mionzi ya jua ni mikali hata upepo wa ziwani unapoificha joto lake. Kofia yenye ukingo mpana na nguo pana za rangi nyeupe zafaa kwa kila mtu. Kwa watu wenye ualbino, pamoja na mikono mirefu, ni kinga ya maisha.

Jasho huupoza mwili pale tu linapogeuka kuwa mvuke; gramu moja hubeba joto la kiasi cha kilojuli 2.4. Anayevaa koti la nailoni ili atoke jasho jingi aungue mafuta hujidanganya. Uzito anaopoteza ni wa maji, nao hurudi anywapo, ilhali mwili wake umenyimwa njia ya kujipoza.

GIZA LA ALFAJIRI

Saa za Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, nayo Mwanza iko karibu na digrii 33. Kwa kuwa dunia huzunguka digrii moja kwa dakika 4, jua la Mwanza huchelewa kwa dakika 48 hivi nyuma ya saa. Ndiyo maana huchomoza baina ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na mtembeaji wa saa 12 kamili hana nuru ya kutosha. Fulana nyeupe au utepe unaoakisi mwanga wa taa za magari ni kifaa kinachoweza kuokoa uhai kuliko raba ya bei yoyote. Pasipo njia ya miguu, atembee upande wa kulia ili ayaone magari yanayomjia.

PALE KIATU KISIPOTOSHA

Maji ya kando ya ziwa yana konokono wanaoeneza kichocho. Minyoo michanga itokayo katika konokono hao hupenya ngozi kwa dakika chache, na kandambili haiizuii. Anayetembea ufukweni apite mchangani, asikanyage majini kujipoza.

FIMBO NA KIHESABU HATUA

Fimbo ya kawaida hupunguza mzigo kwenye goti linalouma, ikishikwa kwa mkono wa upande wa pili, na urefu wake ukifikia usawa wa kifundo cha kiganja, ili kiwiko cha mkono kiiname kidogo tu.

Kihesabu hatua kilianza kuuzwa Japani mwaka 1965 kwa jina lenye maana ya "kipimo cha hatua elfu kumi". Idadi hiyo ilitokana na jina la biashara, si na utafiti. Mwaka 2019 uchunguzi wa wanawake wazee wa Marekani ulionyesha kwamba waliotembea hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba baada ya hatua 7,500 hivi tofauti haikuongezeka. Asiye na kifaa hicho ahesabu hatua kwa saa ya mkononi: hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa kadiri. Akiweza kuzungumza lakini asiweze kuimba, amefikia kiwango.

JARIBIO KWA WANAFUNZI

1. Pima kwa mizani aina mbili za viatu, na utafute tofauti ya uzito kwa kiatu kimoja.

2. Zidisha tofauti hiyo kwa hatua 10,000. Ikiwa ni gramu 200, miguu imenyanyua kilo 2,000 za ziada, yaani tani 2.

3. Jipime uzito kabla na baada ya kutembea saa moja bila kunywa maji. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji ya kurudishwa mwilini.

Mwanafunzi aliyekwisha kufanya hesabu hizo atajua la kuuliza dukani kabla hajaulizia bei. Na mzazi wake anayesubiri kupata fedha za raba mpya anaweza kuanza kesho, kwa kiatu kinachomkaa vizuri, soksi safi, fulana nyeupe na kofia.