Mbasa hawajajificha kilindini

Nimeulizwa Matema, nimeulizwa Ngonga. Juzi Itungi sikuwa hata nimeshuka kwenye bodaboda: "Bwana samaki, mbasa wamekimbilia kilindini. Nyavu ndefu za kuwafuata tutazipata wapi?"

Nyavu utazipata, kama una fedha za kuchezea. Mbasa hutampata. Huko hayupo, wala babu yake hakuwahi kuishi huko.

Ziwa Nyasa, pale lilipozama zaidi, lina mita 700 hivi kwenda chini, na kina hicho ndicho kinachotudanganya: tunadhani ni ghala. Samaki naye anahitaji oksijeni, na oksijeni ya ziwani huingilia juu, kwa mawimbi na kwa vijimea vinavyoishi kwa mwanga wa jua. Maji ya juu ni ya vuguvugu na mepesi. Ya chini yamepoa na ni mazito, hayachanganyiki nayo. Upepo wa kusini, ule wa Mei hadi Agosti unaowalaza wavuvi nyumbani, hukoroga tabaka la juu tu. Kuanzia mita 250 hivi kwenda chini oksijeni hakuna kabisa. Kuna gesi inayonuka yai viza. Kwa hiyo penye mita 700, mita 450 za chini hazina samaki hata mmoja. Mbasa akiteremshwa huko atakufa kwa kukosa pumzi kabla hujafunga fundo la wavu wako mrefu.

Najua kwa nini imani hii haifi. Samaki akiwa amejificha, hakuna aliyemmaliza.

Mbasa hukulia ziwani lakini huzalia mtoni. Mvua zikinyesha hupanda Kiwira, Mbaka na Lufilyo kutafuta changarawe safi ya kutagia. Sisi tunamsubiri mdomoni mwa mto na wavu uliotandwa ng'ambo hadi ng'ambo, tunamtoa na mayai yake tumboni. Anayeponyoka anakuta changarawe imefunikwa na tope la mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni. Hajajificha, jamani. Tumemla mlangoni pa leba.

Wale samaki wadogo wa rangirangi wa kwenye miamba, chini ya milima ya Livingstone, wana shida yao. Ziwa hili lina mamia ya aina zao, nyingi hazipatikani kwingine popote duniani. Mama huatamia mayai mdomoni, na mara nyingi ni makumi tu. Chandarua kimoja kinabeba ukoo.

Haya, ya kufanya, upesi maana nafasi inakwisha. Msizibe midomo ya mito wakati wa mvua. Kokoro na chandarua acheni, sheria haivitaki. Mita 60 kutoka ukingo wa mto si shamba, ndivyo isemavyo Sheria ya Mazingira ya 2004; yaacheni matete yaote. BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi cha mwalo wenu, ikague nyavu, isiishie kugonga mihuri. Mwenye haraka ya kitoweo avue dagaa kwa taa, mbali na ufuko. Hao hukua upesi. Mwenye eneo achimbe bwawa afuge perege. Na anayeshauri tuletewe sangara aulize kwanza furu, samaki wadogo wa Ziwa Viktoria, waliishia wapi sangara alipoletwa kule.

Masika yakichanganya Kiwira itajaa. Mpisheni mbasa apande.