Mwaka Mpya: Chagua Kazi Moja, Ipangie Siku



Kila mwezi wa Januari watu huweka shabaha. Mmoja husema, "Mwaka huu nitaacha pombe." Mwingine husema, "Mwaka huu nitajenga nyumba ya bati." Mvua za masika zikianza, maneno hayo yamekwisha sahaulika. Kwa nini? Leo nitawaeleza jambo nililoliona katika kazi yangu ya uganga kijijini.

Usiku mmoja wa mwezi wa Desemba, baba mmoja alibisha hodi mlangoni kwangu. Alikuwa amembeba binti yake wa mwaka mmoja. Mtoto alikuwa akiharisha. Macho yalikuwa yameingia ndani na mdomo umekauka. Nilipoifinya ngozi ya tumbo, ilirudi polepole. Hizo ni dalili za kupungukiwa maji mwilini. Mtoto wa namna hiyo anaweza kufa upesi.

Tulimnywesha maji ya dawa ya chumvichumvi kwa kijiko, kidogo kidogo, mpaka alfajiri. Kulipokucha alilia, na machozi yakatoka. Mama yake naye akalia. Nikampa vidonge vya zinki vya kutumia nyumbani.

Nilifungua daftari. Mtoto yule alikuwa ameletwa kwa kuharisha mara tatu mwaka ule. Nikamwuliza baba, "Mzee, nyumbani mna choo?"

Akajibu, "Nimekusudia kuchimba tangu mwaka juzi."

"Utaanza lini?"

"Mungu akipenda, mganga."

Hapo nilitambua tatizo. Mzee yule hakuwa mvivu. Shamba lake lilikuwa safi. Alikuwa na nia, lakini nia yake haikuwa na siku.

Tulikaa tukapanga. Shimo la futi 10 ni kazi kubwa. Futi moja ni kazi ya asubuhi moja. Basi achimbe futi moja kila Jumamosi, kuanzia Jumamosi ya kwanza ya Januari. Kwa Jumamosi 10 shimo litakwisha kabla ya masika. Tulichagua mahali penye udongo mgumu, upande wa chini wa kisima, zaidi ya mita 30 kutoka kisimani, yaani kama hatua 40.

Mimi pia nilikuwa na kosa. Niliwafundisha watu kunawa mikono, lakini choo changu hakikuwa na kibuyu chirizi wala sabuni. Nilimweleza mzee ukweli huo. Tukakubaliana kukaguana.

Mzee alichora mstari wa mkaa mlangoni kwa kila futi. Jumamosi ya nne palikuwa na msiba, hakuchimba. Akaja kuniambia, "Mpango umevunjika." Nikamjibu, "Siku moja imepotea, mpango haujapotea." Jumamosi iliyofuata alirudi shimoni. Alimaliza kwa Jumamosi 11. Akaweka magogo, udongo, ukuta na kifuniko. Alipokuja kukagua kwangu, alikuta kibuyu na sabuni.

Mwaka uliofuata jina la binti yake liliandikwa katika daftari langu mara moja tu. Alikuja kupata chanjo ya pili ya surua.

Njia hii si ngeni nchini Tanzania. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi. Walisikiliza redio, walisoma, walijadili, kisha walikwenda kufanya kazi. Vyoo vingi vilichimbwa kwa sababu watu walipanga pamoja.

Ndugu msomaji, ukiweka shabaha ya mwaka, fanya hivi:

1. Chagua kazi moja, si kumi.
2. Igawe katika vipande vidogo.
3. Kila kipande kipangie siku.
4. Mwambie mtu mmoja atakayekuuliza.
5. Ukikosa siku moja, endelea siku inayofuata.

Kumbuka: mtoto akiharisha usingoje shabaha wala siku. Mpe maji ya kunywa, endelea kumnyonyesha, na umpeleke zahanati mara moja.

Bandu bandu huisha gogo.

Maswali ya kujadili:

1. Ni kazi gani ya afya umekuwa ukiikusudia bila kuianza?
2. Kipande chake cha kwanza ni kipi?
3. Utakifanya siku gani?