Kichuma kilichokula kodi ya nyumba

NIKUAMBIE ukweli ndugu msomaji, siku nilipokiweka mezani kile kichuma, nyumba nzima ilinyamaza. Mchumba wangu alikitazama, akakigeuza, akakipima uzito mkononi kama mtu anayenunua nyanya, kisha akauliza.

"Hiki ndicho kilichokula kodi?"

"Ndicho."

"Kinaongeza mwendo?"

"Hapana."

"Kinapunguza uchovu?"

"Hapana."

"Sasa kinafanya nini?"

"Kinapima."

Akacheka kile kicheko mnachokijua wenyewe akina dada, akaingia chumbani na kufunga mlango. Mimi nikabaki sebuleni na kichuma changu. Laki sita taslimu, kodi ya miezi mitatu ya chumba na sebule pale Sinza, na mwenye nyumba alikuwa anazisubiri Jumatatu.

Najua wapo mnaojiuliza ni dude gani hilo. Mambo ya baiskeli mjini yamebadilika sana. Tangu mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yafanyike Kigali mwezi Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza katika ardhi ya Afrika, vijana wengi wameshikwa na homa. Tulimwona Tadej Pogačar akipanda vile vilima vya Rwanda kama anapanda ngazi za kwao, na kesho yake kila mmoja akatoa baiskeli stoo. Ukijiunga na washikaji wa Jumamosi alfajiri hutachukua muda kusikia lugha mpya. Hawaulizani tena "ulikimbia ngapi?" Wanaulizana "ulisukuma wati ngapi?"

Wati hizo zinatoka kwenye mita ya nguvu, na mita niliyonunua mimi inakaa kwenye krenki, yaani ule mkono wa chuma unaoshika pedeli.

YANAVYOFANYA KAZI

Siri yenyewe si uchawi. Ukikanyaga pedeli, krenki inapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ndani yake vimegandishwa vijinyaya vyembamba, na chuma kikipinda, navyo vinavutika na umeme unaopita humo unabadilika. Kifaa kinasoma badiliko hilo, kinajua umesukuma kwa nguvu gani, kinahesabu pia pedeli zinazunguka mara ngapi kwa dakika, kisha kinazidisha. Jibu linarushwa bila waya hadi kwenye kompyuta ndogo ya usukani. Hizo ndizo wati.

Ili upate picha, chukua krenki ya milimita 172.5, zungusha pedeli mara 90 kwa dakika na utoe wati 200. Hapo umesukuma wastani wa kilo 12 na ushee hivi, mzunguko mzima, bila kupumzika. Jaribu dakika ishirini halafu uje unisimulie.

Aliyeifanya biashara hii ijulikane ni mhandisi Mjerumani, Ulrich Schoberer, aliyeanzisha kampuni ya SRM mwaka 1986. Kwa miaka mingi mita zilikuwa za mabingwa na watafiti tu. Kimbembe kilianza mwaka 2012, pale kampuni ya Stages ilipoleta mita inayobandikwa kwenye krenki ya kushoto peke yake. Bei ikashuka, na walalahoi kama mimi tukaanza kuota.

Kwa nini mtu asitosheke na mwendo? Nenda barabara ya Bagamoyo wakati wa kusi. Ukitoka Mwenge kwenda Bunju upepo uko mgongoni, unapaa kilometa 36 kwa saa, unajiona umetoka Ulaya. Ukigeuza, upepo uleule unakupiga kifuani, unatambaa kilometa 24 na kujiuliza umerogwa na nani. Miguu ni ileile na jasho ni lilelile, ila mwendo umekudanganya mara mbili. Mapigo ya moyo nayo yanapanda kwa joto la Dar hata kama husukumi kitu cha maana. Wati hazijali upepo wala jua. Umesukuma mia na hamsini, zitasoma mia na hamsini.

Hivyo ndivyo nilivyoamini. Kasheshe ikaanza hapo.

MGUU WA KUSHOTO

Mita yangu niliipata kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vyake. Ilikuwa safi, haina mkwaruzo, na ni ya kushoto tu. Jumapili ya kwanza nikaenda kujipima kama wanavyopima wengine. Unapasha misuli moto, kisha unasukuma dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzihimili, unachukua wastani wako na kuuzidisha kwa 0.95. Kinachopatikana ni makadirio ya nguvu unayoweza kuishikilia kwa muda wa saa moja hivi, na ndicho kipimo cha kupangia mazoezi yote.

Nilipata wastani wa wati 168. Piga hesabu, ni 160 hivi.

Mshikaji wangu mmoja, ambaye tuna uzito sawa na huwa tunakwenda bega kwa bega kila Jumamosi, mita yake ilikuwa imempa 190. Jamani, niliumia. Mtu ambaye sijawahi kuachwa naye hata hatua kumi ananizidi wati thelathini? Nikaamua lazima nimfikie, potelea mbali.

Kwa wiki sita nikawa mtumwa wa namba. Nilipanda mlima wa Pugu nikiwa nimekodolea macho usukani, sioni barabara wala daladala. Namba ikishuka, nakanyaga. Na bila kujijua nikagundua ujanja: nikikandamiza zaidi pedeli ya kushoto, namba inapanda haraka. Nikawa nakandamiza kushoto. Wati zikapanda kweli, 168, 175, 181. Nikajiona ndiyo naiva.

Wiki ya saba goti la kushoto likavimba kama embe. Hospitalini daktari aliniambia nisiguse baiskeli kwa wiki tatu, na kwamba nikifanya ubishi nitakuja kulijutia goti hilo uzeeni. Nyumbani mchumba hakusema kitu. Alikitazama kile kichuma tu, nikaelewa.

Aliyenifungua macho si daktari wala si mtaalamu wa Ulaya. Ni fundi wangu wa baiskeli wa siku nyingi, mzee mmoja pale Buguruni, nilipompelekea mita anisaidie kutafuta mteja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbona unachechemea?"

Nikamweleza. Akasikiliza huku anafuta mikono kwa tambara.

"Kwani hiki kidude kinapima miguu yote miwili?"

"Hapana mzee. Kinapima wa kushoto, halafu kinazidisha mara mbili."

"Aha. Na ule mguu uliovunjika kwenye mpira ukiwa sekondari ni upi?"

Nilikaa kimya. Ni wa kushoto. Mpaka leo paja lake ni jembamba kuliko la kulia, nikivaa kaptula utaliona. Nilikuwa nimenunua mita inayouliza swali mguu wangu mgonjwa, kisha inachukua jibu lake na kulizidisha kwa mbili. Mguu mzima hata haukuulizwa.

Goti lilipopona tukafanya jaribio. Baiskeli ya mshikaji wangu ina mita ya katikati, ile inayokaa pale krenki inaposhikana na sproketi, ambayo inapima nguvu ya miguu yote kwa pamoja. Bahati nzuri krenki zetu ni za aina moja na urefu mmoja, hivyo mzee akafungua krenki yake ya kushoto na kufunga yangu. Tukaweka kompyuta mbili kwenye usukani, nikasukuma dakika 20. Nilipoteremka, mita yangu ilisoma 168. Ya katikati ilisoma 196.

Hesabu ni ya darasa la tano. Kama 168 ni kushoto mara mbili, basi kushoto ni 84. Toa kwenye 196, kulia ni 112. Ukichukua asilimia 95 ya 196 unapata 186. Mshikaji wangu alikuwa 190. Ndiyo maana hatukuwahi kuachana! Wiki sita zote nilikuwa nalitesa goti langu kumfukuza mtu aliyekuwa pembeni yangu.

UKITAKA KUNUNUA

Sasa na wewe unayetaka kuvunja kibubu, kwanza jiulize miguu yako ikoje. Kama hujawahi kuumia na unataka tu kujilinganisha na wewe mwenyewe wa mwezi jana, ya kushoto inatosha na ndiyo nafuu. Kama umewahi kuvunjika, kuumia goti au nyonga, au mguu mmoja unachoka mapema, tafuta ya katikati au inayopima krenki zote mbili. Bei inapanda, lakini goti halina spea.

Pili, angalia baiskeli kabla ya mita. Krenki ya kushoto lazima ioane na ekseli yako ya katikati, na urefu wake uwe sawa na wa kulia. Urefu umeandikwa upande wa ndani: 170, 172.5 au 175. Pima pia nafasi kati ya krenki na fremu, maana kile kidude kina unene, na fremu nyingine hazikipitishi. Kama krenki yako ni ya kaboni, usikubali mtu akubandikie mita bila uhakika kwamba aina hiyo inakubali.

Tatu, uliza inatumia betri gani. Zile zinazotumia betri ya mviringo ya CR2032, sawa na ya rimoti ya gari, hazina shida mjini. Hakikisha pia inaongea na kompyuta au simu uliyonayo, kwa Bluetooth au ANT+.

Ukishafunga, usiondoke kichwakichwa. Kila safari toa baiskeli nje, iache dakika chache izoee joto la nje, simamisha krenki wima bila mguu juu yake, kisha iamuru irudi kwenye sifuri. Usipuuze hili. Krenki ya kushoto ikikosea kipimo kimoja tu cha nguvu ya kuzungusha, yaani nyutonimita moja, kwa mizunguko 90 unapata kosa la wati tisa na ushee. Ikizidisha kwa mbili, karibu wati 19 za uongo. Watu wamegombana kwa chini ya hapo.

Wala usidhani ni mambo ya sisi wa mtaani tu. Julai 2015 timu ya Chris Froome, yule mzaliwa wa Nairobi aliyetwaa Tour de France mara nne, ilitoa namba zake za mlima wa La Pierre-Saint-Martin baada ya watu kumshuku. Mita ilisoma wastani wa wati 414. Timu yenyewe ikasema ipunguzwe asilimia 6 hivi, kwa sababu sproketi yake haikuwa ya duara kamili na ilikuwa inaifanya mita isome zaidi. Kama wakubwa wale wanaisahihisha mita yao, wewe na mimi ni nani tuibusu?

Kwa hiyo usilinganishe namba zako na za mwenzio mwenye mita nyingine. Linganisha zako na zako. Safari ndefu ziende kwa asilimia 56 hadi 75 ya kipimo chako. Kwangu ni kati ya wati 104 na 140, unaongea na mwenzio bila kuhema. Kufikia kipimo chenyewe ni kwa vipande vifupi, mara moja au mbili kwa wiki.

Mita nimebaki nayo, ila sasa naijua tabia yake, na mazoezi ya mguu wa kushoto nayafanya taratibu kama daktari alivyoelekeza. Mwezi uliopita tulipanda tena kwenda Kisarawe. Vijana wakachomoka chini kwa fujo kama wamefukuzwa na nyuki. Zamani ningewafuata. Safari hii nilitulia kwenye namba yangu, nikawaacha waende, na kabla hatujafika juu nikaanza kuwaokota mmoja mmoja, ndimi nje. Goti halikulia hata kidogo.

Kodi? Dada yangu alinikopesha, nikamlipa kwa miezi minne, na maneno yake niliyameza bila maji. Mchumba siku hizi nikirudi ananiuliza, "Leo ngapi?" Nikimtajia, anatikisa kichwa kama mtaalamu.

Tukutane wiki ijayo. Na tukipishana barabara ya Bagamoyo usiniulize wati zangu. Niulize kama nimelipa kodi.