Mwalimu Naye Hujifunza

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kupata cheti cha ualimu, kazi yake ya kujifunza imekwisha, na yaliyobaki ni kuwapa wengine alichonacho. Sivyo hata kidogo. Mwalimu mwema huendelea kujifunza kwa njia mbili: hufundishwa na darasa lake mwenyewe, na tena hufundishwa na vyuo vikuu. Katika maelezo haya tutaona jinsi njia hizo mbili zinavyoigeuza nia yake, na faida au hasara inayopatikana kijijini.

Na tumfikirie kwanza mwalimu kijana aliyepelekwa shule ya kijiji katika nchi ya Ugogo, labda Bahi au Chamwino. Mwanzoni nia yake ni nyepesi kueleza: watoto wanyamaze, mafunzo yaliyopangwa yamalizike, na mtihani ufaulu. Nia hizo si mbaya. Lakini kabla mwaka haujaisha huona mambo ambayo hayakuandikwa katika daftari lake. Mtoto mmoja hukaa kimya siku zote, naye humdhania kuwa mjinga. Kumbe nyumbani kwao husemwa Kigogo tu, na Kiswahili cha shuleni kwake ni lugha ya pili. Mtoto huyo huyo, akiulizwa habari za ng'ombe wa baba yake, huwahesabu wote bila kukosea, huku akitaja rangi zao. Tena, katika nchi hii mvua hunyesha majira moja tu kwa mwaka, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili. Basi mtama na uwele unapokomaa, madawati huwa matupu kwa kuwa watoto wamekwenda kuamia ndege.

Hapo ndipo nia ya mwalimu inapoanza kugeuka. Haulizi tena, "Nimemaliza somo?" bali huuliza, "Nani ameelewa, na aliyeshindwa ameshindwa kwa sababu gani?" Swali hili la pili ni gumu, na uzoefu peke yake hautoshi kulijibu, maana mwalimu huyo ameona shule moja tu. Elimu ya juu humsaidia kwa sababu humwonyesha waliyoyaona walimu wa nchi nyingine, tena humfundisha kupima jambo badala ya kulikisia. Ngazi zake ni cheti, stashahada, shahada, kisha uzamili na uzamivu. Katika ngazi hizo za mwisho mara nyingi mwanafunzi hutakiwa kuchagua swali moja, kulichunguza kwa utaratibu, na kuandika tasnifu. Mwenye kuleta swali lake kutoka darasani husoma kwa bidii kubwa kuliko mwenye kutafuta swali vitabuni.

Mfano mkubwa tunao katika uwanda wetu huu wa kati. Julius Nyerere alisoma katika shule ya serikali ya Tabora, kisha Makerere, Uganda, kuanzia 1943 hata 1945, akapata stashahada ya ualimu. Mwaka 1946 alirudi Tabora kufundisha katika shule ya misheni ya St. Mary's, na Biolojia ilikuwa mojawapo ya masomo yake. Padre Richard Walsh, mkuu wa shule hiyo, alimhimiza aendelee na masomo. Mwaka 1949 alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti. Huko hakuchagua sayansi, bali historia, uchumi na falsafa, akapata shahada yake mwaka 1952. Aliporudi alifundisha Pugu, karibu na Dar es Salaam. Lakini maswali aliyokuwa nayo sasa yalikuwa mapana kuliko chumba cha darasa. Mwaka 1954 chama cha TANU kiliundwa naye akawa kiongozi wake, na mwaka 1955 aliacha ualimu.

Hata hivyo hakuyasahau ya darasani. Mwaka 1967, akiwa Rais wa Tanzania, alitoa andiko liitwalo Elimu ya Kujitegemea. Humo alisema ya kuwa shule ya msingi isiwe mlango tu wa kuendea sekondari, kwa maana watoto wengi hawatapita mlango huo. Bali iwe elimu iliyokamilika, yenye kuwafaa katika maisha ya kijijini. Watu waliendelea kumwita Mwalimu mpaka alipofariki mwaka 1999.

Lakini mfano huu una upande wa pili. Taifa lilipata kiongozi. Wanafunzi wa Pugu walipoteza mwalimu. Jambo hili hutokea kila siku kwa namna ndogo: mwalimu wa kijiji husoma, hupata shahada, kisha hupandishwa cheo au huhamia mjini, na shule iliyompa maswali yake haipati majibu.

Zamani safari ya elimu ilikuwa ndefu mno, kwa kuwa Tanganyika haikuwa na chuo kikuu mpaka mwaka 1961. Siku hizi si hivyo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, na mwaka huo huo Chuo Kikuu cha St. John's kikaanza papo hapo Dodoma, mahali palipokuwa shule ya sekondari ya Mazengo. Kwa hiyo mwalimu wa Ugogo aweza kusoma karibu na watoto ambao habari zao anazichunguza.

Basi wanakijiji wana kazi yao katika jambo hili. Mwalimu aliyesoma sana hubaki mahali penye nyumba ya kukaa, maji ya karibu, na wazazi wanaokuja shuleni kuzungumza naye. Wazee wakikubaliana naye mapema juu ya majira ya kuamia ndege, ataweza kupanga masomo yasiyowaacha watoto nyuma. Nanyi wanafunzi, msione haya kumwambia mwalimu kwamba hamkuelewa. Neno hilo moja humpa kazi ambayo kitabu chake hakikumpa, na huenda akaitafutia jibu mpaka chuo kikuu.