Dokta wa pembeni ya uwanja, mikono yake inajua kazi?

MACHI 17, 2012, kiungo wa Bolton, Fabrice Muamba, alidondoka uwanjani White Hart Lane kwenye mechi ya Kombe la FA dhidi ya Tottenham. Hakuguswa na mtu. Moyo wake ulisimama kwa dakika 78, lakini akapona. Kati ya waliomkimbilia alikuwepo Andrew Deaner, daktari bingwa wa moyo aliyekuwa jukwaani kama shabiki tu.

Bahati hiyo usiitegemee kwenye ndondo. Huku anayeshika boksi la huduma ya kwanza anaweza kuwa mwanafunzi wa uuguzi au udaktari aliyeombwa aje kusaidia. Akishavaa kizibao, wote roho kwatu: dokta yupo. Ila straika akidondoka ghafla, je, mikono ya huyo kijana inajua kazi?

Tafiti za vyuoni katika nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa wanafunzi wengi wa fani hizo hukosa hata maswali ya msingi ya kuokoa maisha. Na waliofundishwa vizuri nao ujuzi hupungua ndani ya miezi michache wasipourudia. Hakuna kipa aliyejua kudaka kwa kusoma sheria 17 za soka. Na hili nalo ni hivyo hivyo, linataka mazoezi.

Hatua zenyewe hazina ugumu. Mchezaji amedondoka bila kuguswa, haitiki, hapumui kawaida? Chukulia moyo umesimama. Kuhema kwa kukoroma si kupumua, na akitetemeka usikimbilie kusema ni kifafa. Ita msaada, tuma mtu afuate mashine ya kushtua moyo kama ipo, kisha weka viganja katikati ya kifua na ukandamize.

Kina ni sentimita 5 hadi 6, kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kifua kiachwe kirudi juu kila mara. Aliyefundishwa kupuliza pumzi anakandamiza mara 30, anapuliza mara mbili. Baada ya dakika mbili apokewe na mwingine, maana hata beki mwenye misuli huchoka.

Kila dakika inayopita bila kukandamizwa wala kushtuliwa, nafasi ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Gari la wagonjwa likikwama kwenye foleni, hesabu unaijua.

Juni 12, 2021, Christian Eriksen wa Denmark alidondoka jijini Copenhagen kwenye mechi ya Euro dhidi ya Finland. Alikandamizwa kifua palepale kwenye nyasi, akashtuliwa kwa mashine, na mwaka uliofuata alikuwa anakipiga Brentford.

Na si mambo ya Ulaya tu. Desemba 2016, kijana wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka Kaitaba, Bukoba, wakicheza na Mwadui, akafariki dunia.

Klabu haihitaji mamilioni kuanza. Inahitaji mdoli wa mazoezi wa kuazima chuoni, nusu saa, na wachezaji wenyewe wakae foleni kila mmoja akandamize. Mwanafunzi awafundishe, naye anakuwa amerudia somo.

Kwa hiyo viongozi wa timu, kabla ya kuuliza refa wa Jumapili ni nani, muulizeni aliyeshika boksi: mara ya mwisho umefanya mazoezi lini?