Mara ya kwanza kwenye boti ya Zanzibar: maswali ya wazazi wa Karatu

Shule zikikaribia kufungwa, maswali ninayoulizwa kliniki hapa Karatu hubadilika. Mzazi huja na mtoto, tunamaliza habari za kikohozi, anainuka, anashika kitasa cha mlango, halafu ndipo anatoa alichokuja nacho: "Daktari, tunakwenda Zanzibar. Watoto hawajawahi kuiona bahari, na mimi pia. Hiyo boti tutaiweza?"

Wengine wanasafiri na kwaya, wengine wamealikwa harusi. Wafanyakazi wa hoteli na kambi za watalii za huku kwetu wengi hupata likizo Aprili na Mei, masika yanapopunguza wageni, nao huamua kwenda kuwa wageni mahali pengine. Kutoka Karatu unashinda ndani ya basi hadi Dar es Salaam, unalala, kisha unapanda boti iendayo kasi kwa takriban saa mbili hadi Unguja. Saa mbili si nyingi. Kwa anayetapika ni ndefu kuliko basi lote.

Mimi huwajibu kwa swali: mkipandisha mlima wa Mto wa Mbu na basi la Arusha, nani kwenu huomba mfuko? Anayetapika kwenye kona zile, au kwenye barabara ya kupanda kutoka lango la Lodoare hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ndiye wa kumwandalia mapema. Wapo wanaodai kwamba kule juu kinachotapisha ni baridi na mwinuko, kwa kuwa ukingo uko zaidi ya mita 2,200 kutoka usawa wa bahari. Sivyo. Ingekuwa mwinuko, baharini kungekuwa salama kuliko kote. Kinachotapisha ni mwendo.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya sehemu inayosikia, kuna vijifereji vitatu vyenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yale husogea na ubongo hupata habari kwamba tunakwenda. Macho nayo yana taarifa yao. Mtoto aliyeinamia simu kwenye kiti cha nyuma, macho yake yanasema "tumetulia", sikio linasema "tunapinda, tunapanda, tunashuka". Ubongo ukipokea taarifa mbili zinazopingana, tumbo ndilo linaloumia. Huanza na kupiga miayo, mate kujaa mdomoni, jasho la baridi na uso kupauka. Mtoto anayepiga kelele safari nzima akinyamaza ghafla, mtazameni.

Waongoza watalii wetu wanalijua hili bila kusomea udaktari. Mgeni akianza kumeza mate, dereva humhamishia kiti cha mbele, humwambia aweke kamera chini na atazame mbali. Kwenye boti ni vivyo hivyo. Ombeni viti vya katikati ya chombo, sakafu ya chini, karibu na dirisha, ili macho yapate ule mstari ambapo bahari inakutana na anga. Omo, yaani sehemu ya mbele, ndiyo inayopanda na kushuka zaidi, hata kama watoto wataililia. Sehemu ya nje ya nyuma ina upepo mzuri, na mabaharia huiita tezi. Sisi madaktari tuna tezi zetu nyingine, nitazifikia. Asiyeona nje na afumbe macho, aegemeze kichwa kisichezecheze. Simu ikae mfukoni.

Watoto wachanga na wale wa chini ya miaka miwili ni nadra kusumbuka. Wanaoteseka zaidi ni wa kuanzia miaka sita hadi 12 hivi, kisha wajawazito, na wale wenye kipandauso. Msimu nao una neno lake. Kati ya Juni na Agosti kusi huvuma kwa nguvu, na likizo ya katikati ya mwaka inaangukia humohumo. Msishangae mkienda vizuri halafu kurudi kukawa na kazi, maana kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam mnakwenda kinyume cha upepo huo.

Chakula kiwe kidogo na kikavu saa moja au mbili kabla: mkate, muhogo wa kuchemsha, ndizi. Tumbo tupu hutapika vibaya kuliko lenye kitu kidogo, na supu yenye mafuta ya asubuhi pale bandarini naisema kwa ubaya kila mwaka. Chai ya tangawizi haina madhara. Tafiti juu yake hazikubaliani, lakini anayeona inamsaidia aendelee.

Sasa dawa, ambapo ningependa msome polepole.

Dawa za kuzuia kichefuchefu cha safari hufanya kazi zikimezwa kabla. Mtu akishaanza kutapika, tumbo huwa limeacha kusukuma vitu kwenda utumbo mdogo, na kidonge hukaa pale hadi kirudi nje. Sinarizini, ambayo maduka mengi huiuza kwa jina la Stugeron, humezwa takriban saa mbili kabla ya safari, na si ya watoto wa chini ya miaka mitano. Promethazini, ambayo wengi mnaijua kama Phenergan, humezwa saa moja hadi mbili kabla. Kwa hiyo anayeondoka na boti ya saa moja asubuhi aanze hesabu zake alfajiri, akiwa bado nyumba ya wageni. Akingoja foleni ya tiketi amechelewa.

Mtoto wa chini ya miaka miwili asipewe promethazini. Sisemi apewe kidogo, nasema asipewe. Inaweza kupunguza upumuaji wake hadi ukasimama, na vifo vimetokea. Nalirudia kila likizo kwa sababu wapo wazazi wanaoitoa ili mtoto alale tu, asiwasumbue abiria wa basi. Mzazi huyo hana nia mbaya, amechoka na anaona haya. Lakini usingizi ule si usingizi wa kawaida, na ndani ya basi la usiku lenye taa zilizozimwa hakuna atakayeona kwamba mtoto anapumua kwa shida. Angalieni pia dawa za maji za mafua na kikohozi. Nyingi zina dawa ya kundi hilohilo, na mzazi anayempa mtoto wa miaka mitatu ile ya kikohozi pamoja na ile ya safari amempa mara mbili bila kujua. Nendeni na chupa zote kwa mfamasia, mzimwagie mezani, mwulizeni. Tajeni na uzito wa mtoto, kwa kuwa dozi yake hutegemea huo.

Metoklopramidi, au Plasil, haizuii kutapika kunakoletwa na mwendo. Inafaa kwa kutapika kwa aina nyingine. Kwa watoto na vijana inaweza kukaza misuli: shingo inapinda, ulimi unatoka, macho yanapanda juu. Nimewahi kuletewa kijana wa namna hiyo na ndugu walioamini kuwa amerogwa. Sindano moja ya kuondoa athari ya dawa hiyo ikamrudisha shingo yake, na mjomba aliyekuwa ameshapiga simu kwa mganga akairudisha simu mfukoni.

Watu wazima pia wana tahadhari zao. Dawa hizi hulevya, hivyo atakayeshika usukani Dar es Salaam asizimeze, na asiyezizoea azijaribu siku ya mapumziko nyumbani kwanza. Zisichanganywe na pombe. Mzee mwenye tezi dume (hizi ndizo tezi nilizoahidi) anaweza kuzimeza akashindwa kabisa kukojoa, na chumba cha dharura si mahali pazuri pa kuanzia matembezi ya Forodhani. Mwenye presha ya macho na mwenye kifafa waulize kabla. Mjamzito asijinunulie chochote. Ana kadi ya kliniki, aulize hukohuko. Mimba ikishapita wiki 36, ningeomba safari hii iahirishwe, na hapo nalifikiria basi kuliko boti.

Mwenye kisukari akumbuke kwamba kutapika kunamnyima chakula huku dawa ikiendelea kufanya kazi. Awe na kipimo chake, juisi au pipi, na apewe maelekezo ya insulini au vidonge kabla ya kuondoka, si kwa simu akiwa katikati ya bahari. Dawa zote za kila siku, za presha, kifafa, pumu, zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mizigo mikubwa hupelekwa mahali pake na hutaiona tena hadi bandari ya pili.

Kuna maswali ambayo watu huona haya kuniuliza. "Nikitapika mbele za watu je?" Mtatapika mbele za watu, na hakuna atakayeshangaa. Wahudumu wa boti hugawa mifuko. Ichukueni mapema hata mkijiona mashujaa, mmoja kila mtu na mwingine wa akiba. Ukishatumika, ufungeni vizuri, mtieni kwenye pipa au mkabidhini mhudumu na kumshukuru. Baharini hautupwi. Msikimbilie chooni kujifungia: hakuna dirisha, sakafu ina maji, na mtu mwenye kizunguzungu akianguka mle atachelewa kuonekana. Anayetapika jirani yako usimcheke na usimpige picha. Mpe nafasi ya dirisha ukiweza, mpe maji ya kusukutua, kisha geuza uso. Manukato makali, samaki wa kukaanga na chipsi za mayai ziacheni hadi mfike. Harufu moja huweza kuangusha safu nzima ya viti.

Mtoto asikimbie kwenye sitaha, wala asipandishwe kwenye vyuma vya pembeni kwa ajili ya picha, hata baba akimshika kiuno. Mkiingia tu, mtafuteni mhudumu: "Shikamoo. Jaketi okozi ziko wapi, na za watoto je?" Ya mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiwa ndani ya maji. Huulizi kwa sababu ya woga, na mhudumu anayeijua kazi yake hatakasirika. Onyesho la namna ya kuivaa likianza, nyamazeni na msikilize, hata kama abiria wanaosafiri kila wiki wanaendelea na mazungumzo yao.

Halafu chombo kinapokaribia gati, kaeni. Hili nalitilia mkazo kuliko adabu nyingine zote. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Septemba 20, 2018 kwenye Ziwa Victoria, kilikuwa kimekaribia kabisa gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101, na waliokufa peke yao walikuwa 228. Uzito ulikuwa umezidi mno, na taarifa za siku zile zilieleza pia abiria kusogea upande mmoja wakijiandaa kushuka. Boti za Unguja ni kubwa zaidi na husafiri kwa orodha ya abiria. Hata hivyo, chombo chochote mtakachopanda, kama mnaona watu wamejaa hadi kwenye ngazi na mizigo imeziba milango, shukeni mngoje kingine. Nauli mtaidai baadaye.

Mkifika, joto litawapokea kabla ya wenyeji. Mtoto wa Karatu amezoea sweta asubuhi. Unguja atatoka jasho akiwa amekaa tu, na kama alitapika njiani ameshapungukiwa maji. Mpeni maji kidogo kidogo, kijiko au funda moja kila dakika chache, na chumvichumvi za pakiti za ORS kama ametapika mara nyingi. Mtoto aliyelegea, asiyekojoa kwa zaidi ya saa sita, au anayetapika hata baada ya kukaa nchi kavu saa kadhaa, huyo hana tena ugonjwa wa boti. Apelekwe kituo cha afya.

Na kuna jambo ambalo hakuna anayeniuliza kabla ya safari, ila naletewa matokeo yake baada ya likizo. Sisi wa nyanda za juu tunaumwa na mbu wachache. Karatu iko takriban mita 1,500, Ngorongoro juu zaidi, na watoto wengi wa huku wamekua bila kuugua malaria mara kwa mara, hivyo miili yao haijajenga kinga yoyote dhidi yake. Zanzibar imepunguza sana malaria, lakini hamuendi kwa ndege ya moja kwa moja. Mnalala Dar es Salaam, mnapita vituo vya mabasi usiku, na mkirudi mnasimama Mto wa Mbu kununua ndizi nyekundu wakati jua linazama. Jina la mji lenyewe lilitolewa na watu walioumwa. Bebeni chandarua chenye dawa, kila mtoto alale ndani yake, na jioni wavae mikono mirefu.

Dalili za malaria huchukua kwa kawaida siku saba hadi 14 tangu kuumwa na mbu, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo zitawakuta mmesharudi, sare za shule zimeshapigwa pasi. Mtoto atapata homa na kutapika, na jirani atasema ni uchovu wa safari. Kichefuchefu cha boti hakileti homa, na hakingoji wiki mbili. Homa yoyote ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi ipimwe siku hiyohiyo, na neno la kwanza kumwambia mhudumu wa afya liwe kwamba mlikuwa pwani, kwa sababu huku kwetu si kila anayepokea mgonjwa ataifikiria malaria bila kuambiwa. Kipimo cha tone la damu ya kidoleni hutoa jibu ndani ya dakika 20. Kikisema hakuna na homa ikaendelea, rudini kesho yake kipimwe tena.