Klarineti Haisuguliwi kama Kifungo cha Sare

Kila askari aliyepita uwanja wa gwaride amekwisha kufundishwa kwamba shaba isiyong'aa ni aibu ya mwenyewe. Vifungo, bizimu ya mkanda na beji ya kofia husuguliwa kwa dawa mpaka uso uonekane ndani yake. Desturi hiyo ni njema. Lakini mpiga klarineti wa bendi ya jeshi au ya polisi anayeihamishia kwenye vifunguo vya ala yake, huharibu mali ya umma kwa bidii yake mwenyewe.

Klarineti ya mtindo wa Boehm, uliobuniwa Ufaransa katika karne ya 19, kwa kawaida ina vifunguo 17 na pete 6. Mwili wa ala bora huchongwa kwa mpingo, mti unaoota Tanzania na Msumbiji. Vifunguo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, uliopakwa utando mwembamba wa fedha au wa nikeli. Salfa iliyomo hewani huufanya utando wa fedha kuwa mweusi, na jasho la vidole huzidisha madhara. Dawa ya shaba ina chembe zinazokwaruza. Kila isuguliwapo hula utando huo. Tena hupenya katika bawaba ikaganda, na huziharibu pedi zinazoziba matundu. Pedi ikivuja, sauti hukatika au hupiga ukelele, pengine katikati ya wimbo wa taifa, wageni wakiwa wamesimama na gwaride limetoa heshima.

Yafaa nini basi? Mara tu baada ya kupiga, tukaushe ndani ya ala, kisha tupanguse vifunguo polepole kwa kitambaa laini kikavu, bila kuvikandamiza. Vumbi lililo chini yake tulitoe kwa brashi ndogo. Kila baada ya miezi michache, tone moja la mafuta mepesi, litiwe kwa ncha ya sindano katika kila bawaba, latosha. Yanayozidi yafutwe yasifikie pedi. Tusifunge ala kwa mpira, kwani nao hutoa salfa. Kifunguo kilichopinda apelekewe fundi. Tusikinyoshe kwa koleo.

Ndugu askari, bunduki ina utunzaji wake, na klarineti ina wake. Kifunguo kilichofifia lakini kinachoziba sawasawa ni bora kuliko king'aacho na kuvuja.